Maisha ya Bibi Aisha (R.A.) na Msiba wa Uzushi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, mwenye kusitiri aibu za waja wake na kuzifedhehi hila za wazushi. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Maswahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: hapana Mwislamu wa pwani hii asiyelijua jina la Bibi Aisha (R.A.). Ni mabinti wangapi walioitwa Asha kwa kutabaruku na jina lake, na ni hadithi ngapi zisomwazo katika darsa za Ramadhani zilizopokewa kwake! Lakini wengi humjua akiwa amekwisha kuwa mwanachuoni mkubwa, aendewaye na wakubwa wa Maswahaba kuulizwa mambo ya dini. Wachache humkumbuka msichana aliyelia usiku mbili na mchana mmoja pasina kufumba jicho, na mji mzima ukimsema. Na baina ya msichana yule na mwanachuoni huyu pana njia ndefu, nayo ndiyo ielezwayo katika kurasa hizi.

Bibi Aisha ni binti wa Sayyidna Abubakar Siddiq (R.A.), wa ukoo wa Bani Taym katika Makureishi, na mama yake ni Bibi Ummu Ruman (R.A.). Alizaliwa Makka, na tangu kupata akili hakuwaona wazazi wake ila wamo katika dini ya Islamu. Baba yake alikuwa mjuzi wa nasaba za Waarabu na khabari zao, na binti akarithi kwa baba yake hifadhi ya ajabu na ulimi fasaha. Baada ya Hijra, iliyokuwa mwaka 622 wa miladi, aliingia katika nyumba ya Bwana Mtume (S.A.W.). Chumba chake kilikuwa kidogo, kimeshikana na msikiti, na mlango wake umeelekea humo. Katika wake wa Mtume yeye peke yake ndiye aliyeolewa naye mwanamwali, na mapenzi ya Mtume kwake yalikuwa yakijulikana na watu wote. Na kila penye neema dhahiri, husuda haiko mbali.

Katika mwaka wa 5 wa Hijra, na wengine wamesema wa 6, Bwana Mtume alitoka kwenda kuwapiga Bani Mustaliq katika maji yaitwayo Muraysii. Ilikuwa dasturi yake akitaka safari hupiga kura baina ya wakeze, na safari hii kura ikamtoka Bibi Aisha. Aya ya hijabu ilikuwa imekwisha teremka, kwa hivyo akawa akichukuliwa ndani ya haudaji, nacho ni kijumba cha pazia kifungwacho juu ya ngamia. Watu huja wakakitua, na wakati wa kuondoka wakakinyanyua wakakiweka juu ya mnyama, naye yumo ndani haonekani.

Huko vitani palitokea ugomvi penye maji baina ya mtu wa Muhajirina na mtu wa Ansari. Abdalla bin Ubayy, mkubwa wa wanafiki wa Madina, akaupalilia moto, akatamka maneno ya kuwatishia wageni waliokuja mjini mwao kuwa watafukuzwa. Maneno yake yakafika kwa Mtume, yeye akaapa kuwa hakuyasema, na Qurani ikashuka kumkadhibisha. Mtu huyu watu wake walikuwa wanataka kumvisha taji la ufalme kabla ya Mtume kuhamia Madina, na tangu siku ile kifua chake hakikupoa. Basi akarejea katika safari ile amefedheheka, anatafuta pa kulipizia.

Walipokuwa karibu na Madina jeshi likatua, na usiku ikatangazwa safari. Bibi Aisha akatoka akenda mbali na kambi kwa haja yake. Aliporudi akajipapasa kifuani, asikione kidani chake cha mawe ya Dhafari yatokayo Yaman. Akarudi kukitafuta, na kutafuta kukamchelewesha. Wachukuzi wa haudaji nao wakaja wakainyanyua, wakaifunga juu ya ngamia, hawana shaka kuwa yumo. Maana wanawake wa zama zile walikuwa wepesi, chakula chao kidogo, na yeye alikuwa bado binti mdogo wa umri. Alipokipata kidani akaja kambini, asimkute mwenye kuita wala mwenye kuitika. Hakukimbia huku na huku jangwani. Alikaa pale pale alipokuwa, akijua kuwa watakapomkosa watamrudia, na usingizi ukamchukua.

Nyuma ya jeshi alikuwako Safwan bin Muattal (R.A.). Asubuhi akaona weusi wa mtu aliyelala. Alipomkaribia akamjua, kwani alipata kumwona kabla ya hijabu kufaradhishwa. Akatamka maneno ya kurejea kwa Mwenyezi Mungu yasemwayo penye msiba, na kwa sauti ile Bibi Aisha akaamka, akaufunika uso wake kwa ushungi. Safwan hakumsemesha neno jengine lolote. Akampigisha magoti ngamia wake, akaukanyaga mguu wa mnyama asije akasimama, Bibi Aisha akapanda, na yeye akashika hatamu akawa anamwongoza kwa miguu mpaka wakalifikia jeshi limetua katika jua kali la adhuhuri.

Kisa chote ni hicho. Hapana ndani yake ila kidani kilichopotea, na mtu mwema aliyemhifadhi mke wa Mtume wake. Lakini Abdalla bin Ubayy aliwaona wakija, naye hakuhitaji zaidi ya hayo.

Namna alivyoieneza fitina yake yafaa izingatiwe na kila mwenye kukaa barazani. Imepokewa kwamba khabari ilikuwa ikizungumzwa mbele yake, naye huikiri, huisikiliza, na huichokoachokoa ipate kutoka na kuenea. Hakusimama hadharani akasema ameona. Mwenye kusema ameona huulizwa mashahidi. Yeye aliuliza, akashangaa, akatikisa kichwa, na wenye kumsikia wakaondoka kila mmoja na kipande chake. Na jambo la kuumiza zaidi ni kwamba waliouchukua uzushi ule hawakuwa wanafiki peke yao. Alikuwamo Mistah bin Uthatha, aliyepigana Badri, na jamaa ya Abubakar aliyekula katika mkono wake. Alikuwamo Hassan bin Thabit, mshairi wa Mtume. Alikuwamo Hamna binti Jahshi, dada wa Bibi Zaynab mke wa Mtume, aliyedhani kwamba akimshusha Aisha atakuwa amempandisha ndugu yake. Watu wema walichukua maneno ya mtu mwovu, kwa kuwa maneno hayaandikwi usoni jina la aliyeyaanza.

Bibi Aisha alipofika Madina alishikwa na homa, akaugua mwezi mzima. Mji unachemka, na yeye hana khabari. Lililomtia shaka ni moja tu: hakuuona kwa Bwana Mtume ule upole aliouzoea kila alipokuwa mgonjwa. Mtume huingia, akatoa salamu, akauliza hali ya mgonjwa kwa neno fupi, akaondoka. Mwanamke aliyezoea kupendwa huipima hali ya mumewe kwa kipimo kidogo kuliko cha dhahabu, na Bibi Aisha aliona kuwa kitu kimepungua, asijue ni kitu gani.

Alipopata nafuu alitoka usiku pamoja na mama yake Mistah kwenda uwanda wa nje ya mji, kwani wakati ule nyumba za Madina hazijawa na vyoo. Katika kurudi mama yule alijikwaa katika nguo yake, akamlaani mwanawe Mistah. Bibi Aisha akamgombeza: vipi anamtukana mtu aliyehudhuria Badri? Ndipo alipoambiwa yanayosemwa, na ni nani wanayoyasema. Tazama vipi mambo yalivyo! Alikuwa akimtetea mtu yule kwa hishima ya Badri, na mtu yule ndiye aliyekuwa akiichukua izara yake mjini.

Ugonjwa ukamrudia juu ya ugonjwa. Akaomba ruhusa kwa Mtume kwenda kwa wazazi wake, akitaka kuyahakikisha. Mama yake akamtuliza kwa maneno ya akina mama wa kila zama: kwamba ni nadra mwanamke mzuri apendwaye na mumewe, naye ana wake wenza, asisemwe. Lakini maneno hayo hayakumtuliza. Lililomvunja ni kujua kuwa watu wamelizungumza, kwamba jina lake limepita katika vinywa vya wanaume majiani na yeye amelala hana khabari. Alilia usiku ule mpaka asubuhi.

Bwana Mtume naye alikuwa katika mtihani mzito, na wahyi ulichelewa mwezi mzima. Wanavyuoni wamechukua katika kisa hiki dalili kwamba Mtume hajui ghaibu ila ile aliyofunuliwa na Mola wake. Aliwataka shauri Sayyidna Ali na Usama bin Zayd (R.A.). Usama akasema kwamba hawaijui nyumba ile ila kwa kheri. Sayyidna Ali, kwa kumwonea huruma Mtume na dhiki aliyokuwa nayo, akasema kuwa Mwenyezi Mungu hakumbana na wanawake wengine ni wengi, lakini amuulize mtumishi naye atamwambia kweli. Akaitwa Barira. Naye akaapa kwamba hakuona kwa Aisha la kumtia ila ya kuwa ni binti mdogo, hulala akauacha unga aliokwisha kuukanda, mbuzi wa nyumbani akaja akaula. Ushahidi ulioje huu! Mji umejaa maneno ya zina, na ajuaye mambo ya ndani hana la kusema ila unga na mbuzi.

Aliulizwa pia Bibi Zaynab binti Jahshi (R.A.). Katika wake wote wa Mtume yeye ndiye aliyekuwa akishindana na Bibi Aisha kwa daraja, na ndugu yake ndiye aliyeshika bendera ya maneno. Neno moja lake lingetosha. Lakini akayahifadhi masikio yake na macho yake, akasema hajui kwa Aisha ila kheri. Bibi Aisha alikuwa akiisimulia kauli hiyo mpaka uzeeni, na kumshuhudia mwenzake kwamba Mwenyezi Mungu alimhifadhi kwa ucha Mungu wake.

Na waume wasome hapa kwa kituo. Bwana Mtume hakumpa talaka mkewe kwa maneno ya watu, hakumpiga, hakumtukana, wala hakumsimamisha mbele ya jamaa kumhoji. Alipanda mimbari akatangaza kwamba hajui kwa mkewe ila kheri, wala kwa mtu yule anayetajwa naye ila kheri. Ikawa fitina nusura iwapiganishe Aus na Khazraj ndani ya msikiti, mpaka Mtume akawatuliza. Na nyumbani kwake Abu Ayyub Ansari (R.A.) mke alimuuliza mumewe kama hasikii yanayosemwa. Akamjibu kuwa ameyasikia na kwamba ni uwongo. Akamuuliza yeye kama angeweza kulitenda jambo lile. Mke akaapa kuwa hawezi. Abu Ayyub akamwambia kuwa Aisha ni bora kuliko yeye. Yakaishia pale. Mwezi mzima Madina ilikuwa na nyumba za namna mbili, na nyumba za namna ya Abu Ayyub hazikuwa ndizo zenye kelele.

Bibi Aisha alilia usiku mbili na mchana mmoja, machozi hayakatiki, hata wazazi wake wakadhani kulia kutalipasua ini lake. Mwanamke wa Kiansari akabisha hodi, akaruhusiwa, akaketi akalia pamoja naye. Jina lake halikutajwa, wala hapana neno alilolitamka lililopokewa. Katika wote walioingia na kutoka siku zile, huyu hakuuliza wala hakushauri. Bibi Aisha alipokuja kukisimulia kisa chake miaka mingi baadaye, hakumsahau.

Wakiwa katika hali hiyo akaingia Bwana Mtume, akatoa salamu, akaketi. Na tangu yaliposemwa yaliyosemwa hakupata kuketi kwake. Akashuhudia, kisha akamwambia Aisha kwamba zimemfikia khabari kadhaa wa kadhaa. Ikiwa hana kosa Mwenyezi Mungu atamtakasa, na ikiwa ameteleza basi aombe maghufira na kutubu, kwani mja akikiri na kutubu Mwenyezi Mungu hupokea toba yake.

Hapo machozi ya Bibi Aisha yakakauka, hata asihisi tone moja. Akamwomba baba yake amjibie. Abubakar, ambaye hakupata kushindwa na jawabu mbele ya Makureishi wote, akasema hajui la kumwambia Mtume wa Mwenyezi Mungu. Akamwomba mama yake. Naye akasema vivyo hivyo. Basi akabaki peke yake, binti mdogo asiyehifadhi bado sehemu kubwa ya Qurani, mbele ya mumewe na wazazi wake, na hapana wa kumsemea.

Akajisemea mwenyewe. Aliwaambia kwamba amejua kuwa wameyasikia maneno yale hata yametua katika nafsi zao. Kwamba akiwaambia hana kosa, na Mwenyezi Mungu anajua kuwa hana, hawatamsadiki. Na akikiri jambo ambalo Mwenyezi Mungu anajua kuwa hakulitenda, watamsadiki. Hakuona mfano wake na wao ila baba yake Yusufu alipoletewa kanzu yenye damu ya uwongo, akashika subira njema na kumtaka msaada Mwenyezi Mungu. Imepokewa kwamba katika mashaka yale alilitafuta jina la Nabii Yakubu lisimjie, ndipo akasema baba yake Yusufu. Kisha akageuka, akajilaza kitandani mwake.

Yafaa kusimama hapa, kabla ya wahyi kushuka. Watu wengi husimulia kwamba fedheha ilimwondoka Bibi Aisha aya ziliposhuka. Aya zilimtakasa mbele ya watu, hilo halina shaka. Lakini nafsi yake ilikwisha simama kabla ya hapo, pale alipogeuka kujilaza. Alikuwa anajua kwamba hana kosa, na kwamba Mola wake anajua, na akauona ujuzi huo watosha kulala nao. Wala hakutazamia kusomwa kwa ajili yake Qurani ya kusaliwa nayo. Alijiona ni duni mno kwa jambo hilo. Alitaraji pengine Bwana Mtume ataoteshwa ndoto ya kumtakasa. Basi huu si ujeuri wa mtu ajionaye mkubwa. Mwenye kujiona duni mbele ya Mola wake ndiye huyo huyo aliyekataa, mbele ya viumbe, kukiri dhambi asiyoitenda ili mambo yapate kuisha.

Bwana Mtume hajaondoka mahali pake, wala hajatoka mtu yeyote nyumbani, ikamshika ile hali imshikayo ya wahyi, na jasho likamtiririka kama lulu na siku ile ni ya baridi. Ilipomwondoka alikuwa anacheka, na neno la kwanza alilolitamka ni kumbashiria Aisha kwamba Mwenyezi Mungu amemtakasa. Mama yake akamwambia ainuke amwendee Mtume. Bibi Aisha akaapa kwamba hainuki kumwendea, wala hamhimidi ila Mwenyezi Mungu, kwani ndiye aliyeiteremsha baraa yake.

Wako wanaolisoma jawabu hili wakaingiwa na wasiwasi, wakaliona kama ukali. Wanavyuoni wamelieleza kuwa ni deko la apendwaye na uchungu wa aliyedhulumiwa, na Bwana Mtume, ambaye ndiye mwenye haki ya kuudhika, hakuudhika. Ndani yake mna tauhidi safi: aliyemtakasa ni mmoja, basi na shukrani ikaenda kwa mmoja. Mwanamke yule hakurudi nyumbani kwa mumewe kama mtu aliyesamehewa. Hakuwa na la kusamehewa.

Aya zilizoshuka zimo katika Suratun Nur, nazo husomwa mpaka leo katika misikiti yote ya dunia. Ndani yake wamelaumiwa waumini kwa nini walipoisikia khabari hawakudhaniana wema, na kwa nini wakalichukua kwa ndimi zao jambo wasilolijua, wakalidhani ni dogo. Na katika sura hiyo hiyo imo hukumu ya mwenye kumsingizia zina mwanamke mtahirifu kisha asilete mashahidi wanne: apigwe mijeledi 80, na ushahidi wake usikubaliwe. Imamu Abu Hanifa (R.A.) amesema ushahidi wa mtu huyo hurejea kukataliwa maisha hata akitubu. Imamu wetu Shafii (R.A.) amesema akitubu hukubaliwa, lakini toba yake ni kujikadhibisha mwenyewe kwa ulimi ule ule aliosingizia. Haitoshi kuomba maghufira kimya kimya msikitini, na maneno yake yangali yanatembea sokoni. Imepokewa kwamba Mistah, Hassan na Hamna walipigwa haddi.

Sayyidna Abubakar kwa hasira ya baba aliapa kuwa hatampa tena Mistah chochote. Ikashuka aya kuwakataza wenye fadhila na wasaa kuapa wasiwape jamaa zao na masikini, na kuwauliza kama wao hawapendi kusamehewa na Mwenyezi Mungu. Abubakar akasema kuwa anapenda, akamrudishia Mistah alichokuwa akimpa. Na Bibi Aisha naye alifanya kama baba yake, bali kwake lilikuwa gumu zaidi, maana jina lililochafuliwa ni lake. Hassan alipokuwa mzee na macho yamempotea, alikuwa akimwendea Bibi Aisha, naye humruhusu kuingia. Walipomuuliza vipi anamruhusu mtu kama yule, aliwaonyesha adhabu iliyompata ya upofu, na akawakumbusha kwamba alikuwa akimtetea Mtume kwa mashairi yake. Wala hakuwaacha watu wamtukane mbele yake.

Bwana Mtume alifariki mwaka wa 11 (632), katika chumba cha Bibi Aisha na kichwa chake kimeegemea kifuani mwake, akazikwa humo humo. Kuanzia hapo yule aliyesemwa na watu akawa ndiye asemaye na watu wakasikiliza. Hadithi alizozipokea ni 2,210. Watu humwendea wakamuuliza faraidhi, na tafsiri, na mambo ya tohara ambayo wanaume huona haya kuyauliza na yeye hakuona haya kuyajibu, kwa kuwa ni dini. Mpwa wake Urwa bin Zubeir, na Amra binti Abdirrahman aliyelelewa naye, walichukua kwake elimu kubwa. Masruqi alipopokea hadithi kwake humtaja kuwa ni msema kweli binti wa msema kweli, aliyetakaswa kutoka mbinguni. Jambo lililokusudiwa liwe izara yake likawa sehemu ya jina lake.

Wala hakuogopa kuwarudi wakubwa. Ilipomfikia kwamba watu wanasema sala hukatika akipita mbele ya mwenye kusali mbwa, punda au mwanamke, alikasirika kwamba wanawake wamefananishwa na punda na mbwa, akawaeleza kuwa yeye alikuwa akilala mbele ya Bwana Mtume, baina yake na kibla, na Mtume anasali. Imamu Zarkashi, mwanachuoni wa madhehebu yetu aliyefariki mwaka 794 (1392), alitunga kitabu kizima cha mambo ambayo Bibi Aisha aliwasahihisha Maswahaba.

Lakini maisha yake hayakukosa jambo la kumliza, na safari hii halikuwa la kusingiziwa. Sayyidna Uthman (R.A.) alipouawa mwaka wa 35, Bibi Aisha alikuwa Makka. Akatoka pamoja na Talha na Zubeir (R.A.) kwenda Basra, makusudio yake ni kusuluhisha watu na kutaka kisasi cha damu ya khalifa aliyedhulumiwa. Mwaka wa 36 (656) yakakutana makundi mawili ya Waislamu, na vikapigwa vita vilivyoitwa vya Ngamia, kwa sababu ya ngamia aliyekuwa juu yake. Wakafa watu wengi, na Talha na Zubeir katika wao. Ngamia alipoangushwa, Sayyidna Ali (R.A.) alimhishimu kama ipasavyo, akampeleka Madina kwa amani. Njia ya Ahli Sunna ni kuizuia midomo katika yaliyopita baina ya Maswahaba. Wote walijitahidi kutafuta haki, na wote radhi za Mwenyezi Mungu ziko juu yao.

Yeye mwenyewe, hata hivyo, hakujipa udhuru huo. Imepokewa kwamba kila alipoisoma aya iwaamrishayo wake wa Mtume kutulia majumbani mwao, hulia mpaka ushungi wake ukarowa. Linganisha kulia huku na kule kwa ujanani. Kule alililia jambo asilolitenda, na hapana aliyeweza kumtia toba kwa jambo hilo, hata mumewe na wazazi wake walipokuwa wameketi mbele yake wakimngoja. Huku hapana aliyemtaka atubu. Watu walikuwa tayari kumtafutia kila udhuru, naye akaikumbatia toba yake miaka zaidi ya 20. Aliijua nafsi yake: aliujua mzigo usio wake akautua, akaujua ulio wake akauchukua. Wala majuto yale hayakumfanya akajifungia asionekane. Aliendelea kusomesha, kutoa fatwa, na kufunga saumu, na kutoa sadaka mpaka imepokewa kwamba siku moja aligawa dirhamu 100,000 naye amefunga, asikumbuke kujiwekea hata ya kununulia futari.

Alipokuwa katika maradhi yake ya mwisho, Abdalla bin Abbas (R.A.) alikuja kutaka idhini ya kuingia. Bibi Aisha alisita, akichelea kwamba atakuja kumsifu. Wakamwambia kuwa ni binamu ya Mtume na mtu wa hishima, akamruhusu. Ikawa kama alivyochelea: Ibn Abbas akamtajia kwamba yeye ni mke wa Mtume, hakuoa mwanamwali asiyekuwa yeye, na baraa yake ilishuka kutoka mbinguni. Alipotoka, akaingia Abdalla bin Zubeir, mtoto wa dada yake. Bibi Aisha akamweleza kuwa Ibn Abbas amemsifu, na kwamba yeye angependa lau angekuwa kitu kilichosahauliwa kabisa. Ni tamko alilolitamani Bibi Maryamu, mama wa Nabii Isa, alipoegemea shina la mtende, naye ni mwanamke mwengine aliyesingiziwa na watu wake. Lakini Maryamu alilitamani kwa kuzichelea lawama za watu, na Aisha amelitamani kwa kuzichelea sifa zao.

Katika chumba chake palikuwa na makaburi matatu, la Bwana Mtume, na la baba yake, na la Sayyidna Omar aliyempa mahali alipokuwa amepataka yeye mwenyewe. Akamwusia Ibn Zubeir asimzike pamoja nao, bali amzike Baqii pamoja na wenziwe, wake wa Mtume, kwani hapendi atukuzwe na watu kwa sababu ya mahali pale.

Alifariki usiku wa mwezi 17 Ramadhani mwaka wa 58 (678). Alisaliwa na Abu Hureira (R.A.), akazikwa usiku ule ule baada ya sala ya witri, na watu wamejaa Madina kama siku ya Idi. Wakashuka kaburini wapwa zake, wana wa Zubeir na wana wa ndugu zake, wakamlaza Baqii katikati ya wenziwe, mahali alipopachagua.